Nyasi za Mgeni

…hapana, si ule wa nyuma, ni huu wa mbele kushoto ndio mkorofi, na leo utanitambua, Deodatha amelala kifudifudi jikoni kwake pale Kanoni, spana mkononi, anauzungusha mguu wa mashine ya kufulia kidogo kidogo, kisha anainua shingo kuitazama pimamaji aliyoilaza juu yake, kiputo kimekaa katikati, kimetulia kama mtoto aliyeshiba, lakini hata jana kilikaa hivyohivyo, na ilipofika kukamua mashine ikatetemeka, ikatembea, ikang'oa mpira wa maji, jikoni kukawa bwawa, na Rwegasira, mume wake, akasimama pale na gambuti zake za shambani akasema ikitembea tena nairudisha Mwanza kwa binti yako aliyeinunua, mimi sifugi ng'ombe wa umeme… atarudisha nini, kichujio anasafisha yeye Deodatha, mpira wa mlango anaufuta yeye, zile boliti nne za safari huko nyuma, za kuizuia isicheze ikisafirishwa, ambazo hata fundi umeme alizisahau, kazifungua yeye baada ya kusoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, sakafu inateremkia mlangoni, sawa, Rwegasira mwenyewe aliimwaga hivyo ili maji ya kudeki yatoke yenyewe, mteremko unarekebishwa kwa miguu, hilo halimtishi, tatizo analijua, liko hapa mbele ya pua yake na linanukia, nyasi… “Deodatha, imetulia?” ni mama mkwe, Benadeta, kutoka kitandani chumba cha pili, mwaka wa nne huu tangu miguu imkatalie, “Bado, mama, inakaribia,” na ndiye aliyesema siku mashine inaletwa kwamba mgeni haingii nyumba hii akakanyaga saruji tupu, tandikeni, wakamtandikia nyasi kama wanavyotandikiwa wageni wote, mashine ikasimamishwa juu yake, wiki tatu sasa, kila akisawazisha nyasi zinalala upya, mguu unazama, unateleza, na nani atamwambia mama kwamba heshima yake ndiyo inayoitembeza mashine, si yeye, yeye ni mke wa nyumba hii miaka ishirini na sita na hajawahi kuondoa alichotandika mama… basi aendelee kufua kwa mikono? shuka za mama kila asubuhi, mbili, siku mbaya nne, kifundo cha mkono kinamuuma hata akishika kikombe, na kila akipita na beseni anasema si kitu, mama, si kitu, kwa sauti ya kanisani, si kitu! uongo mtupu, ni kitu, na kinauma, mbona anakificha kana kwamba amekiiba… “Unasema nini huko?” kumbe amesema kwa sauti, ageuze maneno, aseme anagombana na spana, hapana, hageuzi, anamwita kwa heshima, “Waitu mama, nyasi ndizo zinaitembeza. Nataka kuziondoa. Nimechoka kufua kwa mikono,” ameshasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo, kitanda kinalia, sasa atamwita Rwegasira, na amwite tu, atamweleza hata yeye, hapahapa sakafuni, bila kuinuka… “Ziondoe,” anasema Benadeta, polepole, “kila asubuhi nakusikia ukisugua, mwanangu, najifanya nimelala. Na mimi nimechoka kukutesa mikono,” na Deodatha hasogei, shavu bado liko kwenye saruji, mashine iko palepale, miaka minne wamefichana jambo lilelile, kila mmoja upande wake wa ukuta, Mungu wangu, miaka minne, machozi yanamtoka na huku anacheka, “Haya, mama,” anasema, “haya,” na anajiona kesho asubuhi akiingia chumbani kwa mama bila haraka, mikono mitupu, akivuta kiti, akikaa.