Fahali Aliyeandaliwa Kama Mgeni

Mimi ni shemeji yake Faradji, na shemeji ana ruhusa ya kusema, kwa hiyo nitasema. Faradji ni mtu mwema. Anaswali kwa wakati, na duka lake la sabuni na mafuta ya taa hapa Kasongo linaaminika. Shida yake ni mdomo. Hujisifu hata kwa sombe, yale majani ya muhogo yanayopikwa na ndakala, samaki wadogo wakavu: eti zamani majani yalimshinda, kisha siku moja akaamua kiume, na sasa anamaliza sahani nzima. Sisi tunaitikia tu.

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yake Asma, mdomo huo ulimwahidi Mzee Djamali, baba wa bwana harusi, mfanyabiashara kutoka Salamabila, kwamba siku ya ndoa atachinjiwa fahali mnene hadi ashindwe kupita langoni. Dada yangu Faida, mke wa Faradji, alikuwa anapita na sinia la chai. Alisimama kidogo, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Sasa, kwa akina Faradji kuna desturi: mnyama wa ndoa hutembezwa mbele ya wakwe kabla hajachinjwa. Lazima atembee kwa miguu yake mwenyewe, kichwa juu. Akiyumba, watu watasema baba wa binti ana mkono wa birika.

Fahali alikuja kwa miguu kutoka upande wa Kabambare, na mbavu zake ungeziona ukiwa ng'ambo ya barabara. Nilimwambia Faradji kwamba huyu kweli atashindwa kupita langoni, maana upepo utamrudisha. Akaninunia siku nzima.

Ndipo alipoanza kumlisha, na hapo ndipo malezi ya marehemu mama yake yalipomponza. Mama yule alimfundisha kwamba mgeni hachanganyiwi chakula. Wali uwe kwenye sahani yake, mchuzi kwenye bakuli lake, samaki peke yake, na vyote vifunikwe; mgeni atajichanganyia mwenyewe apendavyo. Chakula cha kuchanganywa ni cha watoto na wagonjwa. Faradji akaamua kwamba fahali wa ndoa ni mgeni wa heshima. Akanunua mabeseni sokoni. Pumba za mchele akatia kwenye beseni jekundu, maganda makavu ya muhogo kwenye la buluu, majani ya viazi na ya karanga kwenye la kijani, na chumvi kwenye kibakuli. Kila beseni lilikuwa na kifuniko. Na kabla ya kufunua alikuwa anasema, "Karibu." Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Nikamuuliza kama nilete na maji ya kunawa mikono. Akanijibu kwamba muuza vitenge hajui lolote kuhusu ng'ombe. Ni kweli, sijui. Lakini nawajua wateja. Ukimpangia mteja vitenge vyote mbele yake, anakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachong'aa.

Fahali naye alikwenda moja kwa moja kwenye pumba. Alizimaliza, akalamba chumvi, majani akayapulizia pua tu. Faradji akafurahi na kuongeza pumba, kwa sababu mgeni akimaliza sahani huongezewa. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata vilevile, beseni jekundu likirudi tupu na la kijani likirudi kama lilivyokwenda.

Ndoa ilipokaribia, fahali akaacha kula. Tumbo lilivimba upande wa kushoto, kinyesi kikawa maji yenye harufu ya uchachu, na hakucheua tena. Alilala chini akitazama ukuta. Hapo na mimi nikaacha kucheka. Fahali akifa mwenyewe ni mzoga, hakuna Mwislamu atakayemgusa, na Asma angetoka nyumbani kwao huku watu wakizungumzia mzoga wa baba yake. Msichana yule alikuwa ameshapakwa hina nusu. Alikaa mlangoni akiangalia mikono yake, na mimi niliumia kumwona hivyo.

Wakamwita veterineri, daktari wa mifugo, akaja na pikipiki. Alibonyeza tumbo, akauliza mnyama anakula nini, akaonyeshwa mabeseni. Vile vifuniko alivitazama muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba pumba tupu ndizo zilizochachusha tumbo: ziondolewe, fahali apewe majani makavu na maji, atembezwe polepole mpaka acheue. Baada ya hapo kila kitu kichanganywe, ili kila anapofungua mdomo aingize na majani.

Faradji alitii. Alimtembeza mwenyewe uani, akimbembeleza kama mtoto aliyekataa dawa, na fahali aliporudi kucheua, shemeji yangu alilia wazi mbele yetu. Kisha akachanganya chakula, kwa shingo upande, akikoroga kwa kijiti. Fahali akaingiza ulimi, akasukuma majani kando, akafuata pumba chini kabisa. Majani yalibaki yamepangwa pembeni mwa beseni.

"Anachagua," Faradji akasema. "Hata nikimuchanganyia, anachagua tu. Huyu ngombe atanishinda."

Faida alitoka jikoni na kisu chake. "Baba Asma, sogea kidogo," alisema.

Aliyakatakata majani mafupi mafupi. Maganda ya muhogo akayatwanga kwenye kinu. Akamwaga pumba juu, akanyunyiza maji yenye chumvi, kisha akavigeuza kwa mikono miwili kutoka chini kuja juu, mpaka pumba zikang'ang'ania kila jani. Fahali akaingiza pua. Alitafuta huku, akatafuta kule, hakuona cha kuchagua, akaanza kula.

Faradji hakumtazama fahali. Alikuwa anaitazama mikono ya mke wake. Mimi nilijua kinachokuja, nikavuta kigoda nikakaa vizuri.

"Mama Asma," alisema polepole. "Katika ile sombe yangu, ndakala iko wapi?"

"Iko ndani."

"Mimi sijaiona hata siku moja."

"Huwezi kuiona. Ninaitwanga pamoja na majani." Faida aliendelea kugeuza chakula cha ng'ombe, macho chini. "Ule mwaka uligonjwa, munganga alisema bila majani utakufa. Na wewe ulikuwa unachagua samaki, majani unaacha kando ya sahani. Ningefanya nini? Sikutaka kuzeeka peke yangu."

"Miaka yote hii?"

"Ulijiona umekufa?"

Nilitegemea angekasirika. Mtu aliyelelewa na mama yule, kuambiwa kwamba analishwa kama mgonjwa nyumbani kwake, na kwamba ule uamuzi wa kiume haukuwahi kuwapo. Badala yake aliviokota vile vifuniko kimoja kimoja, akavifuta kwa kanzu yake, akavirudisha jikoni. Tangu siku hiyo yeye alikata majani, Faida akachanganya.

Siku ya ndoa fahali alipita langoni, na nafasi ilibaki. Lakini alitembea kichwa juu, manyoya yanang'aa, mbavu zimejificha. Mzee Djamali alimzunguka, akamgonga mgongoni, akauliza mbele ya wanaume wote mkwe wake alimlisha nini mnyama huyu. Nikasogea karibu ili nisipitwe na uongo, maana nilijua unakuja.

Faradji akakohoa.

"Muulize bibi yangu, Mama Asma," alisema. "Mimi na huyu ngombe, mukono moja ndio ulitulisha. Bila yeye, leo mungekuta hapa mizoga mbili."

Wanaume wakacheka sana, wakidhani ni utani. Faradji hakucheka. Faida alikuwa anapita na sinia la chai. Alisimama, akanitazama, na mara hii chai ilimwagika.