Chale Alizochanja Kadzo

Kwaru, kwaru, kwaru. Nyumba ilikuwa bado na giza, na mtu alikuwa akikuna nazi jikoni kwangu.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Daktari alimkataza mama mkwe wangu kula na kunywa tangu usiku, kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa apasuliwe tumbo, atolewe uvimbe. Lakini kukuna hakumkataza. Nilimkuta amekalia mbuzi, nazi iliyokunwa ikidondokea siniani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuamsha?"

"Nazi ndiyo iliyoniamsha. Mama, wewe huruhusiwi kula."

"Nani anakula? Mumeo Tsofa anatoka zamu bandarini na njaa, na mbaazi hazijipiki." Akanitupia jicho. "Ama na kukuna kwataka barua ya daktari?"

Nikacheka, nikakaa kizingitini na simu yangu nizitazame tena picha nilizompiga jana jioni.

Ni yeye aliyeziomba. Alikuja kutoka Kaloleni, akae nasi hapa Tudor wakati wa matibabu. Siku daktari alipomwonyesha kwa kidole mahali kisu kitakapopita, hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama hakuna njia nyingine ya kupita. Maana pale, chini ya kitovu, pana chale. Alichanjwa akiwa mwari, miaka sitini na zaidi iliyopita, kwa wembe na masizi, na aliyemchanja ni dada yake, Kadzo. Mwaka wa pili yake Kadzo akafa akijifungua. Hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Sura yake nishaisahau, Loise," aliniambia. "Nikimtaka, huzipapasa hizi. Wewe wasomea picha. Nipigie, kabla hawajapapasua."

Kusomea nasomea kweli. Mchana nauza leso Biashara Street. Jumanne na Alhamisi jioni napanda ngazi hadi darasa la Bwana Gharib, mtu ambaye amepiga picha maharusi wengi hata hawakumbuki. Ana wasia mmoja asiochoka kuurudia: mwanamke mtu mzima usimwekee taa ubavuni. "Ubavuni kuna ushahidi," husema. "Mpe taa ya mbele, kisha mlainishe, aondoke akicheka."

Na mimi, mwanafunzi mzuri, nilimpiga Mama hivyo hivyo. Taa mbele. Wala sikukumbuka kwamba simu yangu hulainisha ngozi yenyewe. Nilikiwasha kitu hicho baada ya kujifungua, siku ambazo sikuweza kujitazama. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliishika simu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaenda kulala.

Sasa, pale kizingitini, nikaikuza picha. Tumbo lilikuwa laini kama unga wa mahamri uliokwisha kukandwa. Chale, hakuna. Michirizi ya mimba saba, hakuna. Lilikuwa tumbo la mtu ambaye hajapitiwa na lolote.

Nikaizima simu. Kwaru, kwaru. Angekwenda hospitali na moyo mweupe, nami ningenyamaza, nani angejua? Lakini siku moja angepapasa akutane na kovu la daktari, aitake picha, amwambie mtu amsomee. Na huyo mtu angemwambia nini?

"Mama, zile picha zimeharibika."

Kukuna kukasimama. "Zimeharibika vipi?"

"Chale hazimo. Simu imeziona kasoro, ikazifuta. Na ni mimi niliyeiachia."

Akanigeukia.

"Hiyo simu ina umri gani?"

"Miaka minne."

"Mtoto wa miaka minne ndiye uliyemtuma amtazame mtu mzima?"

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikwisha kuiweka nazi siniani, anainuka.

"Tsofa aja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili unusu. Na tuktuk."

"Basi usikae hapo."

Nikazima ule ulainishaji, nikampiga chini ya taa ya sebuleni, mara tatu. Sasa makunyanzi yalionekana, ila chale zilizama ndani yake. Hujui lipi ni lipi. Dirishani kulianza kupambazuka. Ndipo nikayakumbuka maneno ya Bwana Gharib: ubavuni kuna ushahidi. Basi si ushahidi ndio tuliokuwa tukiutafuta?

Nikazima taa.

"Ah! Sasa waniacha gizani?"

"Njoo dirishani, Mama. Nipe ubavu."

Nikafungua dirisha lielekealo Tudor Creek. Mwanga mwembamba ukaingia kwa upande, umelala. Mama akakaa kwenye kibago, akaifungua leso mpaka mbavuni. Ngozi ilijikunja ikaangukiana.

"Niruhusu," nikasema, nikainua mkunjo kwa mkono wa kushoto, nikauvuta taratibu. Miaka mitano mkwe wake, sikuwahi kumgusa zaidi ya kiganja. Ngozi ilikuwa na joto, nyepesi kuliko nilivyodhani.

Mwanga ukapita juu yake, na kila kitu kikainuka. Makunyanzi, michirizi, na katikati yake chale, safu tatu za vipunje kama mtama, kila punje na kivuli chake. Mbili zimenyooka. Ya tatu imekwenda upogo.

"Hapa mkono wake uliteleza," nikasema.

"Haukuteleza. Nilimpiga teke." Akaangua kicheko, tumbo likatikisika.

"Tulia, Mama!"

"Nitulie vipi, nawe ndiye wanichokoza?"

Nilipiga kumi na moja. Sikulainisha hata moja. Katika simu ile mna picha zangu za miaka minne, na tumbo lililombeba mwanangu halimo popote. Nilimwonea haya nani?

Nikaikuza iliyo bora, nikamsogezea Mama machoni.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea safu kwa safu, naye akifuata kwa kidole juu ya tumbo lake. Kwenye ile ya upogo akanizuia.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yeye."

Chini tuktuk ikasimama, tukamsikia Tsofa akiita kama tu tayari. Kelele hizo zikamwamsha Sidi, binti yangu wa miaka minne, aliyerithi jina la bibi yake. Akaja akifikicha macho. Nilitaka kumfunika Mama, akaushika mkono wangu.

"Mwache. Njoo, somo yangu, njoo uone."

Sidi akapitisha kidole kwenye kioo cha simu. Kisha akakipitisha tumboni, polepole, safu ya kwanza, ya pili, ile ya upogo. Akarudi kwenye simu. Akarudi tumboni, akaukunjua mkono wote na kuutuliza pale. Mama alifumba macho. Hatua za Tsofa zilikuwa zishafika ngazi ya mwisho.

"Hawe," mtoto akamwambia bibi yake, "ya kwenye simu haina matuta."