Mita Thelathini za Gatakaa

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Gatakaa alishuka shambani na ndoo mbili ili kuzinywesha nduma zake, akakuta zimeshanyweshwa. Kijito cha Kamiuru kilikuwa kimehama. Miaka yote kilipita chini kabisa, mpakani mwa shamba lake la ekari moja. Sasa kilikuwa kimeupanda mteremko na kutulia katikati ya nduma, na kule chini kulibaki changarawe na kaa wawili waliochelewa kuondoka. Gatakaa aliweka ndoo chini, akavua viatu, akaingia matopeni kung'oa nduma za kupeleka Gakoromone. Soko halimngoji mtu.

Nduma hizo ndizo zilizomlipia bintiye Winrose chumba cha kupanga kule Nchiru, alikokuwa mwaka wa pili chuoni. Zamani zilikua ukingoni mwa maji, kama nduma zote. Kisha ikaja sheria ya kulinda mito: hakuna kulima ndani ya mita thelathini. Ofisa mmoja mpole aitwaye Mugendi alikuja na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu, akayapaka mawe alama. Gatakaa hakubishana. Alizihamishia nduma upande wa juu wa mawe hayo, akawa anazipandishia maji asubuhi na jioni, mpaka mgongo ukasahau kunyooka.

Jirani yake Kailemia alikuja kuuangalia mto. Alichutama akachovya kidole.

"Huu umetoroka bomba," alisema.

"Bomba gani?"

"Si hiyo ya shamba ya maua huko juu. Inanyonya bila kupumua. Hata wewe ungehama."

"Na mbona ukuje kwangu?"

"Si ni wewe ulikuwa unaubembeleza na ndoo?"

Gatakaa alifurahi, tusidanganyane. Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu mwaminifu tu hulifanya: alikwenda ofisini kwa miguu yake kuripoti kwamba mto umehama, ili mawe yasogezwe naye arudishiwe ardhi ya chini. Alimbebea Mugendi nduma tatu za kuchemsha, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Mugendi alikuja Alhamisi. Alipima kutoka ukingo mpya kwenda juu, na mita thelathini zikafika ukutani mwa jikoni. Mahindi na maharagwe yake yote yalikuwa ndani ya mita hizo.

"Sawa," alisema Gatakaa. "Sasa nirudishie huko chini."

"Huko chini ni mto, Mama Winrose."

"Mto si ndio huu?"

"Huu pia. Lakini ramani inajua ule. Fomu ya mto kuingia mahali iko. Ya mto kutoka haiko."

"Na umeona mto umepanda mlima?"

"Nimeona. Nimeandika pale kwa maoni."

Gatakaa aling'oa nduma zote kwa mkono wake. Alikata vichwa vyake na kuvipanda upya papo hapo kabla havijachomwa na jua, nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Siku ya tatu mto ulizifuata. Wiki iliyofuata ulipita jikoni, ukayazunguka mafiga kwa uangalifu usije ukazima moto, ukaingia chumbani na kulala chini ya kitanda. Haukuwa na matata. Gatakaa alitundika viatu vyake kwenye msumari na kujifunza kushuka kitandani polepole. Mto wenyewe ulikuwa umekonda. Angeweza kuuvuka bila kuinua leso. Aliuonea huruma, akamwambia Kailemia kwamba mgeni aliyekuja akikimbia hafukuzwi.

Mugendi alirudi. Safari hii alipima kutoka mguu wa kitanda, pande zote nne. Utepe ulilimaliza shamba ukatokeza barabarani. Akafungua kopo na kupaka rangi fremu ya mlango.

"Mugendi, mwanangu," Gatakaa alimwita. "Hiyo bomba ya juu umeipima?"

Mugendi alikunja utepe. "Bomba haina ukingo, mama. Sheria tunaanzia kwa ukingo."

"Na mimi niende wapi?"

"Hiyo sasa si idara yetu."

Aliona haya; Gatakaa alimtazama usoni akaliona hilo. Lakini alipaka na upande wa pili wa fremu, kisha akaaga kwa heshima.

Gatakaa aliondoka Jumamosi akiwa na godoro, Biblia na sufuria mbili. Kailemia alimpa chumba alichokuwa akifungia mbuzi. Ekari ikabaki wazi, imelindwa, na kwa kuwa haikuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa, wiki hiyo hiyo wafanyakazi wa shamba la maua waliteremsha bomba, wakalipitisha mlangoni, kati ya zile alama mbili nyekundu, hadi chini ya kitanda. Mugendi alipita barabarani akawasalimu.

Winrose alipiga simu kusema mwenye nyumba amemfungia chumba. Gatakaa alimwambia asome, hayo mengine amwachie. Kesho yake alipanda hadi geti la shamba la maua kuomba kibarua, akakipata. Alipewa buti na mpira wa kumwagilia.

Alifungua maji. Yalitoka, yakamtambua, yakakataa kwenda mbele. Mto mzima ulijikunja pale chini, ukatulia miguuni pake, na mawaridi yakabaki makavu.

"Mama!" msimamizi aliyeitwa Njuki alipaza sauti. "Hiyo maji ni ya maua. Kama imekushinda, wengine wako kwa geti."

Gatakaa aliinama, akauwekea mto mkono.

"Nenda tu," aliuambia kwa Kimeru. "Winrose anasoma."

Mto haukuwahi kumkatalia jambo. Ukaenda.