Kisu chenye Jina la Mahmud

Mimi sikwenda vitani. Miaka yote ya vita nilikuwa karani wa ghala Mombasa. Niliporudi kwetu Amu, kisiwani Lamu, nikaanza kukusanya vitu vya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliotoka Burma: kofia za chuma, vifungo vya shaba, nishani, mikebe ya chakula. Nilivipanga katika zidaka za ukumbini, mahali mama yangu alipokuwa akiweka sahani zake.

Mwaka 1955 nilifika kijiji cha Chundwa, kisiwani Pate, kwa Badawi, aliyekuwa askari. Alinionesha kisu alichojitengenezea huko huko vitani. Kilikuwa panga la jeshi, akalikata fupi na kulinoa kwa tupa. Mpini aliuchonga kwa kioo cha ndege iliyoanguka, kile kioo chepesi kisichovunjika, na chini ya kioo alitia kikaratasi chenye jina Mahmud kwa herufi za Kiarabu. Mahmud alikuwa mwenzake wa kijijini. Jina aliliandika Mahmud mwenyewe kwa mkono wake, wakicheka, na hakurudi kutoka vitani.

Nilikiazima kwa wiki mbili. Nikakaa nacho mwaka.

Mwanzo niliwaambia wageni kweli. Kisha mmoja akaniuliza kama huyo Mahmud nilimjua, nikasema ndiyo. Kila aliyekuja alitaka zaidi, nami nikawapa, mpaka ikawa Mahmud amenifia mikononi.

Asubuhi moja Badawi alibisha hodi. Alikuwa na bibi mzee aliyepanda ngazi kwa shida.

"Huyu ni Bi Mwanamkisi, mamake Mahmud," alisema bila kunitazama. "Amesikia habari zako, hakukubali kukaa nyumbani."

Niliwatandikia mkeka. Bi Mwanamkisi hakutaka maji wala kahawa.

"Mwanangu, nambiwa ulikuwa nae," alisema. "Nataka kujua neno moja tu. Alipiga shahada?"

Nilimtazama Badawi. Alikuwa akitazama mkeka. Ningeweza kusema sikuwako; neno lenyewe ni moja tu.

"Alipiga, Bi," nilisema.

"Ukamsikia?"

"Nilimsikia."

"Na katika nti ile ya ugenini, mulimuelekeza kibula?"

"Tulimuelekeza."

Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu, akilitaja jina langu, langu tu. Sikuweza kuitikia amin. Nilikwenda kukitoa kisu nikamwekea mapajani. Alipapasa kioo pale penye jina, halafu akanirudishia.

"Kaa nacho," alisema. "Wewe ndiwe uliemfumba mato."

Wakati wa kushuka, Badawi alimtanguliza, akabaki nami kwenye ngazi.

"Nilimzika mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Bomu halikumpa nafasi ya kusema kitu. Miaka kumi na miwili namwambia mamake sikuwako siku ile, maana la kumwambia sina. Leo nilidhani wewe utasema kweli."

"Mwite, nimwambie sasa."

"Umwambie nini? Mwache. Na usibadilishe hata neno."

Baada ya hapo vitu vile nilivirudisha kwa wenyewe, kimoja kimoja, ila kisu. Walioniuliza habari za vita niliwaambia sikwenda. Wengine walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kunisifu.

Bi Mwanamkisi alifariki mwaka uliofuata. Niliteremka bandarini Mtangawanda nikaenda Chundwa kwa miguu, kisu nimekifunga kwa kitambaa. Nilikuta watu wanapanga safu za kusalia jeneza, nikasimama nyuma kabisa. Mzee mmoja akanitambua.

"Huyu ndiye aliyekuwa na Mahmud," aliwaambia wenziwe. "Mpisheni."

Wakanipisha. Nilitaka kukataa, lakini mbele pale alisimama Badawi, na alikuwa amegeuka ananitazama. Akasogeza mguu, akaniachia nafasi ubavuni mwake. Nikaenda nikasimama.

Baada ya maziko nilimpa Badawi kisu. Alikipokea, akakitia chini ya kikoi chake, akaenda kupokea mikono ya watu waliokuja kumpa pole.