Mwenye Nyumba Asiyebisha Hodi

Wapangaji walimwita Mzee Hodi, na jina lenyewe lilikuwa kejeli, maana neno hilo halikuwahi kumtoka mdomoni. Alikuwa mwashi aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe zamani, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa chumba cha mbele, vilivyobaki akapangisha. Mlango wa mpangaji ukiwa wazi, aliingia. Ukiwa umefungwa, funguo za akiba zilikuwa mfukoni mwake.

Dobi alipanga vyumba viwili vya nyuma. Kimoja alilala, kingine alipigia pasi. Alikuwa mwanamke wa mpangilio, na kitu chake kikisogezwa hata kidogo alijua. Asubuhi alikwenda kufua majumbani kwa watu, jioni akarudi na tenga la nguo za kunyoosha. Ndipo alipoanza kuona mambo. Beseni aliloliacha chini ya meza alilikuta kwenye kona ya nyuma. Sakafu ilikuwa na unyevu, kana kwamba mtu amepiga deki. Nguo za wateja zimehamishwa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na hewani imebaki harufu ya tumbaku ya Mzee Hodi.

Siku moja alikuta nguo zake za ndani, alizokuwa ameziloweka kwenye lile beseni, zimekamuliwa na kuwekwa juu ya kiti, tena zimekunjwa. Zingekuwa zimetupwa chini angevumilia. Kule kukunjwa ndiko kulikomchoma.

Alimweleza jirani yake, fundi redio, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. Fundi redio alikuna kichwa, akasema mwizi hahamishi beseni, mwizi huondoka nalo. Kisha akainamia waya zake na kunyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Dobi hakulitilia maanani.

Akamfuata Mzee Hodi barazani. Alimwambia kwa heshima kwamba yeye ni mwanamke anayeishi peke yake, na chumba alichopanga ni chake mpaka atakapohama.

"Nyumba hii kila tofali nimelishika mimi," mzee alijibu.

"Tofali ni lako, baba. Faragha ni yangu. Unatafuta nini chumbani kwangu?"

Mzee aliangalia viganja vyake, vilivyokuwa vimepasuka kwa saruji ya miaka mingi. Ilionekana kama anataka kusema kitu. Mwishowe akasema kwamba hatafuti kitu, akaingia ndani.

Jibu hilo ndilo lililomwasha dobi. Akapeleka shauri kwenye kamati ya mtaa, na kamati ikawaita wote wawili mbele ya majirani. Dobi alieleza kila kitu, hata habari ya zile nguo, na vijana waliokuwa nyuma wakacheka chini chini. Mzee Hodi alisimama kama mtoto aliyekamatwa jikoni. Hakukanusha, wala hakujitetea. Mwenyekiti akaamua kwamba asiingie chumba cha mpangaji bila kubisha na kukaribishwa, na ufunguo wa akiba aurudishe palepale. Mzee alihangaika kuutoa kwenye pete yake, vidole vikimkatalia, mpaka mwenyekiti akamsaidia.

Alipomkabidhi dobi alisema, "Haya, binti yangu. Lakini mvua ikija, utanikumbuka."

Watu wakaguna. Dobi aliyachukua maneno yale kama apizo, na kesho yake akabadilisha kitasa, asije mzee akawa na ufunguo mwingine.

Tangu hapo hawakusalimiana. Dobi alipita barazani shingo juu, na kisa chake alikisimulia katika kila nyumba aliyofulia. Wateja walimsifu kwa ujasiri. Mzee naye aliacha kukaa barazani jioni. Wapangaji wengine, waliokuwa wakilalamika zaidi ya dobi, sasa walianza kusema kwamba mzee amekonda.

Mvua kubwa ilikuja alasiri moja, pamoja na upepo uliopiga kutoka nyuma ya nyumba. Ilimkuta dobi upande wa pili wa mji, kwa mteja, akasubiri kibarazani ipungue. Aliporudi, viatu mkononi, alikuta watu wamejaa uani. Ngazi ilikuwa imelala kwenye tope. Mzee Hodi alikuwa ameshapelekwa hospitali.

Fundi redio ndiye aliyemsimulia, na safari hii hakukuwa na mzaha. Mvua ilipoanza, mzee alikwenda kwenye mlango wa dobi, akabisha, akabisha tena, akashika kitasa, akakiachia. Fundi redio alimshauri wauvunje mlango. Mzee alikataa, akasema amekatazwa mbele ya watu. Alichukua turubai na ngazi, akapanda mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Turubai alifanikiwa kulitandaza na kuliwekea matofali. Kushuka ndiko kulikomshinda.

"Paa linavuja, dada," fundi redio alisema. "Pale kwenye kona, upepo wa alasiri ukitoka nyuma, wewe ukiwa kazini. Tangu kabla hujahamia. Alikuwa anaingia kutega beseni na kuokoa nguo za watu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Alinisihi nisiseme. Kwake ilikuwa aibu, mwashi paa lake mwenyewe kumshinda. Kupanda hawezi tena, na fundi mwingine hataki aliguse." Akatazama chini. "Ningesema siku ile ya kamati. Nimekaa nikilifikiria hilo tangu wamchukue."

Dobi alifungua mlango. Nguo za wateja zilikuwa kavu kwenye tenga. Darini, juu ya kona, palikuwa na baka la rangi ya chai ambalo siku zote alilidhani ni uchafu wa zamani. Akaketi kitandani na viatu vyake mkononi. Alijaribu kukasirika, kwa sababu sababu za kukasirika zilikuwepo: kwa nini mtu mzima asiseme? Kwa nini aingie kama kivuli? Watu husema majuto ni mjukuu. Yake hayakusubiri, yalimkuta bado anabishana.

Alimkuta mzee wodini, nyonga imevunjika. Bintiye, mwalimu kutoka mji mwingine, alikuwa kando ya kitanda. Alimpokea dobi kwa adabu ya mtu aliyeshasikia kila kitu, akatoka kwenda kutafuta maji.

"Kwa nini hukuniambia, baba?" dobi aliuliza.

"Ungehama."

"Nisingehama. Beseni ningelitega mwenyewe."

Mzee alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. Akasema kwamba wapangaji wawili waliomtangulia pale waliambiwa, wakahama. Kisha akasema jambo ambalo dobi hakulitarajia: kwamba mashtaka yake yalikuwa ya haki. Marehemu mke wake naye angemshtaki. Chumba cha mwanamke hakiingiwi hivyo, hata kama nia ni njema.

Dobi alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Angelaumiwa, angejua pa kuuweka mzigo wake. Haki aliyopewa pale kitandani ilikuwa nzito kuliko lawama. Aliahidi kurudi, na alirudi mara kadhaa, akimfulia mashuka na kanga za kujifunika, mpaka binti alipomchukua baba yake kwenda naye kwake.

Nyumba ikakabidhiwa wakala. Mtu wa taratibu, aliyetoa taarifa kabla ya kuja, na aliyesimama nje mpaka aambiwe karibu. Paa la nyuma likaezekwa upya kwa bati jeupe. Hakukuwa na la kulalamikia, na jioni baraza lilikaa tupu.

Dobi alikusudia kwenda kumwona mzee. Kila wiki alisema akimaliza nguo hizi, na nguo za dobi haziishi. Ikaja arusi ya mteja, ukaja msimu wa shule na sare zake, ikaja homa iliyomlaza yeye mwenyewe.

Kisha binti alikuja, peke yake, na gari la kukodi. Alikuwa amevaa nyeusi. Alisema mzee wamemzika wiki iliyopita, na amekuja kuchukua vifaa vyake vya kazi stoo. Dobi alimsaidia kubeba mwiko, timazi ya kupimia kuta na ndoo iliyoganda saruji pembeni. Walifanya kazi bila kuongea sana. Kichwani dobi alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba msamaha tangu kule wodini, ameyapanga na kuyapangua, lakini kila alipofungua kinywa binti alikuwa ameinamia kitu kingine, na dereva alikuwa akitazama saa.

"Pole sana, mwanangu," akasema hatimaye, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Binti alimshukuru, akaingia garini. Dobi alisimama barabarani mpaka gari lilipokata kona, akarudi ndani. Pasi ilikuwa imeshapoa, ikabidi aanze kuipasha upya.