Laana ya Bi Ersilia

Miaka arobaini Ersilia Bonfante alilishwa na jukwaa, mpaka kumbukumbu ilipoanza kumtoroka na kampuni ya maigizo ikamwonyesha mlango. Sasa, katika ngome kuukuu nje ya Roma, alikuwa na filamu yake ya kwanza: mzuka wa bibi tajiri anayefufuka kumlaani mkwewe. Akisahau maneno, kazi imeota mbawa, kwani mwongozaji, Gualtiero, alishatangaza kwamba mkanda uliobaki unatosha kupiga kila onyesho mara moja tu.

Kifuniko cha jeneza kikafunguka. Ersilia akainuka, akamnyooshea mkwe kidole, akafungua kinywa. Hamna kitu. Laana yote imeyeyuka.

Jasho likamtoka chini ya unga waliompaka usoni. Liwalo na liwe, akanguruma:

"Osha matumbo ya ng'ombe, mlaaniwa wewe. Chemsha saa nne. Tia nyanya, tia mnanaa, na ole wako usahau jibini la kondoo."

Mkwe akarudi nyuma akitetemeka.

"Kata," akasema Gualtiero.

Ersilia akaanza kuvua shela, asingoje kufukuzwa.

"Unakwenda wapi, mama?" akauliza Gualtiero. "Umenisisimua mpaka uti wa mgongo."

"Sijatamka hata neno moja la laana, mwanangu."

"Nani kakusikia? Hapa tunanasa picha tu. Sauti tutaibandika studio mwezi ujao, nawe utakuwa na karatasi ya maneno mkononi. Wenzako wakisahau huhesabu moja mpaka ishirini, wala hawaoni haya."

Ersilia akaketi ukingoni mwa jeneza, akacheka mpaka unga ukambanduka mashavuni, ikabidi apakwe upya.