Kiende na Wanaomdai

Kwa miezi minne Kiende hakupokea simu ya nambari asiyoijua, na hata zile alizozijua alizipokea kwa kuchagua. Bwana Kobia, mwenye duka la vitambaa kule Meru mjini, alipopiga, Kiende aliifunika simu kwa kipande cha nguo na kuendelea kukanyaga cherehani mpaka mlio ukome. Watu wa Kianjai walimjua kwa kola zake zisizojikunja na kwa kicheko chake. Kola zilikuwa bado nzuri. Kicheko kilikuwa kimekwenda kusikojulikana.

Mambo yalianza kwa neema. Mwaka uliotangulia, shule moja ya binafsi ilimpa kazi ambayo hakuwahi kupata mfano wake: kushona sare za wanafunzi wote, mashati meupe na sketi na kaptula za rangi ya zambarau. Kiende alichukua majora ya vitambaa kwa Bwana Kobia kwa mkopo. Akakopa shilingi elfu thelathini katika chama cha wanawake wa kanisani, akanunua cherehani ya pili, akashona hadi vidole vikafa ganzi. Alipofikisha sare mia moja na arobaini, shule ikafungwa. Mwenye shule alishindwa kulipa kodi ya majengo, akatia kufuli langoni na kwenda zake, na hata walimu wakabaki wakidai mishahara. Sare zikabaki kwa Kiende, zimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kila moja na nembo ya shule ambayo haikuwepo tena.

Hapo ndipo alipofanya kosa alilokuja kulijutia. Ili apate cha kumtuliza Bwana Kobia, alikopa kwa simu. Siku ya kulipa ilipowadia, alikopa kwa kampuni nyingine ya simu ili ailipe ya kwanza, akawa ni mtu anayeosha tope kwa tope. Mumewe, Mwongera, alikuwa na kibarua cha kufunga miraa huko Laare na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Kila Jumamosi Kiende alimpikia, akamuuliza bei ya miraa imefika wapi wiki hiyo, na hakumwambia neno.

Alhamisi moja asubuhi, Aminah alivuka barabara akaingia dukani. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mzito wa mwili na mwenye magoti mabovu, ambaye kutwa nzima alikaa akipokea pesa katika bucha ya mwanawe, Abubakr. Si mtu wa kuinuka bure.

"Mama Mukiri," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "nimepigiwa simu na kijana nisiyemjua. Anasema wewe ni mwizi, na mimi nikuambie ulipe leo."

Kiende aliachia mkasi. Aliwahi kusikia kwamba kampuni nyingine za mikopo huchota nambari zote zilizomo katika simu ya mkopaji. Kama wamempigia Aminah, basi wamempigia mchungaji, wamewapigia wateja, wamempigia mama mkwe. Alingoja kuchekwa au kusutwa, kimojawapo.

Aminah alivuta kigoda, akakaa polepole, mkono kwenye goti. "Nilimuuliza, kijana, nambari yangu umeitoa wapi? Akakata. Sasa niambie, unadaiwa na nani mwingine?"

Kiende akalia. Aminah hakumbembeleza wala hakumharakisha. Alingoja, kama mtu anayengoja mvua ipungue ndipo atoke.

"Mimi nilikuwa karani wa mikopo kwenye sacco," alisema kilio kilipotulia. "Miaka kumi na saba. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wasiolipa. Nimekaa upande ule mwingine wa meza, kwa hiyo wacha nikuambie tulivyokuwa tukiwaona watu. Mtu akija mwenyewe, hata mikono mitupu, tulimtafutia njia. Mtu akizima simu, tulimwandika mtoro, na mtoro hutumiwa madalali. Wewe si mwizi, Mama Mukiri. Lakini umekuwa ukitembea kama mwizi."

Maneno hayo yalimchoma Kiende, lakini yalikuwa ya kwanza katika miezi minne kumpa nafuu. Akachukua daftari la vipimo vya wateja, wakafungua ukurasa mtupu, wakaandika. Kwa Bwana Kobia, elfu tisini na sita. Kwenye chama, elfu thelathini zote. Kwa kampuni mbili za simu, elfu ishirini na moja pamoja na riba. Alipoyaona yote yameandikwa mahali pamoja alishangaa. Ndani ya kichwa chake deni hilo lilikuwa halina mwisho, na sasa lilikuwa na mwisho, ingawa mbali.

"Nitaahidi kulipa elfu kumi kila mwezi," alisema.

"Unazo?"

"Sina."

"Basi usiahidi. Ukiahidi elfu mbili ukaleta elfu mbili, watakuamini mwezi ujao. Chakula na karo ya Mukiri uviweke kando kwanza, ndipo tuone kinachobaki."

Akamweleza na mengine. Asikope tena kulipia deni, hata kama ni shilingi mia. Azitumie kampuni za simu ujumbe wa maandishi, aseme atalipa lini na kiasi gani, na ahifadhi majibu yao. Sheria haiwaruhusu kuwasumbua jamaa na majirani, na wakirudia, kuna ofisi ya serikali ya kupokea malalamiko hayo. Kiende aliuliza kuhusu cherehani zake, kwa maana kampuni moja ilikuwa imemtishia kwa ujumbe kwamba itazibeba.

"Uliziweka rehani?"

"La."

"Basi asikuingilie mtu dukani bila karatasi ya mahakama." Aminah aliinuka, akashika mlango. "Lakini wa kwanza kuzungumza naye ni Baba Mukiri. Yeye kwanza, Kobia baadaye."

Siku iliyofuata Kiende alikwenda Laare. Alimkuta mumewe chini ya banda la mabati, akifunga vifungu vya miraa kwa majani ya mgomba, huku wanunuzi wakisubiri na pikipiki zao zikinguruma. Walisogea pembeni, naye akamweleza yote bila kupunguza. Mwongera aliendelea kuzungusha jani moja mkononi hadi likachanika.

"Walimpigia mama," alisema mwishowe. "Jumatatu. Akaniuliza. Nikamwapia kwamba ni uongo, kwamba mke wangu hadaiwi na mtu."

Kiende aliokota vipande vya lile jani.

"Nenda nyumbani," Mwongera alisema. Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Jumamosi hiyo hakuja.

Jumatatu Kiende alimwomba Aminah amsindikize Meru mjini. Aminah alikataa. "Nikiandamana nawe atafikiri umeleta wakili. Nenda na daftari lako. Mwambie ukweli, kisha unyamaze. Usijaze kimya kwa maneno."

Bwana Kobia alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu, akipima kitambaa kwa fimbo ya yadi. Alimwangalia Kiende kama anayemwona mfu. "Miezi minne," alisema. "Ningejua kama umekufa ningekuja mazishini."

"Nilikuwa naona aibu, Bwana Kobia."

"Aibu yako imenigharimu mimi. Mimi nami nina ninaowalipa."

Kiende alifungua daftari akamwonyesha. Akasema ana majora matano hayajakatwa, hayajaingia vumbi, na sare mia moja na arobaini zisizo na mwenyewe. Akasema anaweza kuleta elfu nne kwa mwezi, si zaidi. Kisha akanyamaza, kama alivyoagizwa, ingawa ulimi ulimwasha.

Kobia aliguna. Alipekua daftari hilo hadi kwenye vipimo vya wateja, akarudi. Alikubali kuyapokea majora kwa elfu sita kila moja, bei ambayo si ya hasara sana kwa yeyote. Halafu akauliza, "Zambarau ile ile niliyokupa mimi?"

"Ile ile."

"Kuna mama anaitwa Ruguru, yuko Kanja kule Embu. Ananunua kwangu zambarau hiyo kila Januari. Kuna shule huko wanavaa rangi hiyo, shati jeupe vilevile." Alichukua simu. "Ungepokea simu zangu ungejua hili tangu mwezi wa pili. Nilikuwa napiga nikuambie."

Kiende alikalia robota la kitambaa. Miezi yote ile alikuwa akiufunika kwa nguo msaada wenyewe.

Ruguru alisema angezitazama, ila nembo zote zing'olewe bila kuacha tundu. Nembo mia moja na arobaini, kila moja imeshonwa kwa mkono wa Kiende mwenyewe asiyejua kushona kitu kikalegea. Aminah aliziagiza nusu zipelekwe bucha, na kila wateja walipopungua alivaa miwani na kukata uzi mmoja mmoja. Siku ya tatu Kiende alimuuliza kwa nini anajichosha hivyo.

Aminah hakuinua macho. "Kulikuwa na mjane. Alibakiza elfu sita tu kulipa. Nilikwenda na dalali tukachukua ng'ombe wake, ng'ombe wa maziwa, alikuwa ameandikwa rehani kwenye karatasi, sheria ilikuwa yetu. Yule mama alitufungulia zizi mwenyewe. Alikuwa hajui kwamba angeweza kuomba muda, na mimi nilikuwa najua, na sikumwambia. Haikuwa kazi yangu kumwambia." Akapuliza nyuzi kutoka mapajani. "Nipe hiyo nyingine."

Jumamosi ya pili, Kiende akiwa amefunga nusu mlango wa duka, kivuli kikasimama kizingitini. Alikuwa Mwongera, na mfuko wake wa Laare begani. Alizitazama nembo zilizorundikana sakafuni kama maganda.

"Nimekwenda kwa mama," alisema. "Nimemwambia kwamba niliapa uongo bila kujua. Amesema yeye alijua tangu siku ile, kwa sababu nilijibu haraka mno." Aliketi. "Nipe wembe."

Walifanya kazi hiyo pamoja hadi jua lilipoinama, wakizungumza kidogo. Mara moja tu Mwongera alisema, "Siku nyingine niambie hata kama siwezi kusaidia," na Kiende akajibu, "Nitakuambia." Kwake ilikuwa kama kutuliwa mzigo ambao kamba yake ilikuwa imeshachora alama kwenye paji la uso.

Walisafiri hadi Kanja na marobota mawili. Ruguru, mwanamke mwembamba asiyetabasamu, aligeuza kila shati, akavuta mishono, akainua kila moja kwenye mwanga kutafuta tundu za nembo. Hakuziona. Alizichukua zote kwa shilingi mia nne kila sare, kisha akauliza kama fundi huyo anaweza kushona nyingine hamsini kabla ya Januari, kwa malipo ya nusu mbele. Kiende alipoikubali kazi hiyo aliomba yaandikwe kwenye karatasi, nusu mbele na nusu siku ya kupokea. Ruguru alimtazama kwa heshima kidogo, akaandika.

Zile elfu hamsini na sita hazikumaliza deni, lakini zilikwenda mbali. Kampuni za simu zililipwa zikanyamaza, moja yao ikiwa imekubali kuondoa sehemu ya riba baada ya kuonyeshwa jumbe zilizohifadhiwa. Kobia alipata fungu lake. Lililobaki Kiende alilipeleka kwenye chama mwenyewe, akasimama mbele ya wanawake ishirini na kueleza. Mweka hazina, Gatwiri, hakumhurumia. Alisema pesa hizo zilikuwa za karo za watoto wa wenzake, na Kiende akakiri kwamba ni kweli. Wakamgawia deni lililobaki kwa miezi kumi. Mkutano ulipokwisha, wanawake wawili walimfuata nje, kila mmoja kwa wakati wake, wakamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemwonyesha njia. Aliwanyooshea kidole bucha.

Sasa simu ikilia, Kiende huipokea. Anadaiwa bado na Bwana Kobia malipo ya miezi minne, naye humpigia kabla ya tarehe, wakati mwingine kumwambia tu kwamba wiki hii amechelewa na atafikisha Ijumaa. Kobia huguna. Hajawahi tena kumwuliza kama yu hai.

Idd ilipokaribia, Kiende alimshonea Aminah dera la kijani lenye taraza ya fedha shingoni, kazi ya siku nne. Alivuka nalo barabara limekunjwa ndani ya karatasi safi. Alikuwa amejipangia maneno ya shukrani njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua ishirini, na alipofika yote yakamponyoka. Alisema tu, "Mama Abubakr, nimekuletea hili. Mungu akulipe kwa yale mimi siwezi."

Aminah alilikunjua, akapitisha vidole kwenye taraza, akalishika kifuani kwa muda. Kisha akafungua droo ya pesa. "Bei gani?"

"Si la kuuza. Ni zawadi."

"Zawadi nitaipokea siku ukimaliza kulipa. Leo wewe ni fundi na kitambaa umenunua. Bei gani?"

Wakabishana, Abubakr akicheka nyuma ya mzani. Mwishowe Kiende akataja bei, naye Aminah akasema ni ya chini, akaongeza mia mbili juu yake. Kiende alizipokea kwa mikono miwili. Aminah akamshika kiganja na kukifumba juu ya zile noti.

"Nenda," alisema. "Una wateja wanakungoja mlangoni."

Na kweli walikuwapo, wawili, mmoja na kitambaa cha shuka na mwingine na suruali ya kupunguzwa. Kiende alivuka barabara kuwaendea, akicheka kwa kitu alichosema Abubakr nyuma yake, kicheko kile kile ambacho Kianjai ilikuwa imekikosa.